Maswali ya wasomaji: Miji minne, siku saba, basi moja

SWALI

Shikamoo Anti. Mi ni Mtanzania, nasoma uhandisi wa ujenzi mwaka wa pili hapa Budapest. Mwezi wa nne chama cha wanafunzi wa kigeni chuoni kwetu kinaandaa safari ya basi, tuko 46, siku saba, tunaanzia Vienna, Venice, Florence halafu Roma. Ratiba tuliyopewa ina vitu 31 vya kuona, nimehesabu mwenyewe. Hela ya mfukoni nitakuwa nayo kama euro 250. Wenzangu wengine wanasema makanisa na masanamu ni yaleyale tu, ukiona moja umeona yote. Naomba unishauri nishike lipi niache lipi, na je kibali changu cha kuishi Hungary kinatosha au natakiwa viza nyingine?

Fundi Mtarajiwa, Budapest

JIBU

Marahaba mwanangu. Tuanze na makaratasi maana hayo ndio yanayoharibu safari za watu. Hungary iko ndani ya Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwahiyo kibali chako kama bado hakijaisha muda unatembea nacho Austria na Italia bila viza nyingine, mwisho siku 90 ndani ya siku 180. Ila ubebe kadi yenyewe PAMOJA na paspoti yenyewe, sio fotokopi wala picha kwenye simu, sababu Austria wamerudisha ukaguzi pale mpakani na Hungary tangu 2015 na basi limejaa wanafunzi wa kigeni halipitiwi hivihivi. Kwenye safari yetu, miaka hiyo mi nasoma Italia, kuna kaka aliacha paspoti yake kwenye droo ya hosteli akasema atajieleza. Alijieleza kweli, saa nane usiku, nje, kwenye baridi, sisi tunamwangalia dirishani.

Na laini yako ya Hungary inapiga kazi kotekote huko bila kukukata zaidi, usihangaike kununua nyingine. Ukitoa hela ATM ikikuuliza ikukate kwa forinti, hela ya Hungary, au kwa euro, chagua euro, ile ya forinti ni mtego.

Sasa hiyo ratiba ya vitu 31. Jamani! Vienna mpaka Venice peke yake ni kama kilomita 600, toa usingizi, toa foleni, toa yule mwenzenu mmoja ambaye kila basi likitaka kuondoka yuko chooni, unabaki na saa ngapi? Sisi tulikimbizwa hivyohivyo, Florence naikumbuka mgongo wa mwongoza watalii na mwavuli wake mwekundu tu. Ushauri wangu, kila mji chagua kitu kimoja usimame nacho mpaka kiishe, vingine utaviona kwa kupita. Na wewe una bahati unasoma ujenzi, wenzako wanaona kanisa, wewe uone zege.

Anza kuwaza Roma kabisa, kwenye Pantheon, lile hekalu la kale. Lile kuba lina upana wa mita 43.3 na ni zege tupu, hamna nondo hata moja, na limesimama tangu enzi za Hadrian, mfalme wa Kirumi, miaka 1,900 hivi. Walichofanya wale mafundi ni kubadilisha kokoto kadiri walivyopanda, chini wakaweka mawe mazito na ukuta unene wa mita 6 hivi, juu wakamalizia na yale mawe ya volkano mepesi yanayoelea kwenye maji, halafu katikati wakaacha tundu la karibu mita 9. Mvua ikinyesha inaingia ndani, ndio maana sakafu ina vitundu vya kutolea maji, vitafute chini hapo watu wote wakiwa wanapiga picha juu. Kiingilio kwa watalii kilianza 2023, kwa euro 5. Mhadhiri wako anaweza kukufundisha zege muhula mzima usielewe vile utakavyoelewa hapo kwa nusu saa.

Ukishalijua hilo ndio utaelewa Florence. Kanisa kuu lao lilianza kujengwa 1296, wakafika juu wakabaki na shimo ambalo hakuna aliyejua atalifunikaje, maana mbao na mirunda ya kushikilia kuba la ukubwa ule zisingepatikana. Fundi mmoja, Brunelleschi, akaanza 1420 akalifunga 1436 bila kuweka mirunda kutoka chini, kuba mbili moja ndani ya nyingine, na matofali kayapanga kwa mtindo wa mfupa wa samaki ili kila mstari ujishikilie wenyewe wakati chokaa inakauka. Unaweza kupanda, ngazi 463, hamna lifti, na njia inapita katikati ya hizo kuba mbili kwahiyo matofali unayaona usoni kabisa. Ni ghali na lazima ubuku saa yako mapema, ukifika hapo mlangoni bila buking utaishia kununua aiskrimu. Kama pesa inabana, hiyo ndio ulipie, sanamu ya Daudi nakala yake iko nje uwanjani Piazza della Signoria bure, najua watu wa sanaa watanitukana.

Venice sasa. Mji umesimama juu ya magogo. Walipigilia nguzo za miti kwenye tope, na kwa vile chini kule hewa haifiki mti hauozi kama ungeoza juu, kanisa moja tu la Salute, lililoanza 1631, linasemekana lina nguzo zaidi ya milioni moja. Sisi pwani boriti za mikoko tuliziweka darini, ndio maana vyumba vya nyumba za zamani Lamu na Unguja ni vyembamba, upana unaishia pale boriti inapoishia, wao wameziweka miguuni. Mambo ya kujua: makundi ya watalii mwisho watu 25 na vipaza sauti marufuku tangu 2024, kwahiyo 46 nyie lazima mgawanyike, mwambie kiongozi wenu sasa hivi sio siku hiyo. Tena siku fulani fulani, mwezi wa nne zimo, mgeni wa kuja na kuondoka siku hiyohiyo analipa kiingilio cha mji, ilianza euro 5 mwaka 2024, na 2025 aliyechelewa kulipia akawa anatozwa 10. Mkilala Mestre, upande wa bara, hamlipi hicho maana Mestre ni manispaa hiyohiyo ya Venice, ila mjisajili kwenye mtandao kwamba mmesamehewa. Gondola achana nayo, bei ya serikali ni euro 90 kwa nusu saa mchana, labda mchange. Panda ile daladala ya majini, vaporetto, ipite Mfereji Mkuu wote, unaona majumba yaleyale.

Ukipotea, na utapotea, vichochoro vya kule ni kama Mji Mkongwe umezidishwa mara kumi halafu kila mwisho wa kichochoro kuna maji, inua macho kwenye kona za kuta kuna vibao vya njano, Per Rialto (kwenda daraja la Rialto), Per San Marco (kwenda uwanja wa San Marco), Alla Ferrovia (kwenda stesheni ya treni). Mi sikuvijua. Basi lilinisubiri dakika 50 na hakuna aliyeniongelesha mpaka Bologna.

Vienna nimeiacha mwisho makusudi. Pale Hofburg, jumba la wafalme, wenzako wataangalia mapambo ya dhahabu, we mkumbuke Angelo Soliman. Alichukuliwa Afrika mtoto, akauzwa utumwani, akaja kuwa mtu mkubwa Vienna, msomi, anaongea lugha kadhaa, yuko chama kimoja cha Freemason na akina Haydn, yule mtunzi wa muziki. Alipofariki 1796 wakamchuna ngozi, wakaijaza, wakaivisha manyoya na shanga wakaiweka kwenye makumbusho ya mfalme kama mnyama. Binti yake Josephine aliomba baba yake azikwe, wakakataa. Ikaja kuungua na moto wa mapinduzi ya 1848. Mi niliposimuliwa nilishindwa kula ile keki yao.

Na Roma ukitoka Colosseum tembea kama robo saa mpaka makao makuu ya FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, karibu na stesheni ya Circo Massimo. Mbele ya jengo hilo, ambalo lilijengewa wizara ya makoloni, ndipo Mussolini, dikteta wa Italia, alipolisimamisha mwaka 1937 lile nguzo la Aksum alilolibeba Ethiopia, mita 24, tani 160. Mkataba wa amani wa 1947 ulisema lirudi ndani ya miezi 18. Lilirudi 2005, vipande vitatu, kwa ndege. Hamna cha kuona hapo sa hivi, na hilo ndilo la kwenda kuona.

Ukipata muda pita Santa Maria Maggiore, kanisa lililo si mbali na Termini, stesheni kuu ya treni. Watu wamejaa tangu Papa Francis azikwe humo 2025. We ulizia sanamu ya Ne Vunda, balozi wa mfalme wa Kongo, alisafiri miaka karibu minne kumfuata Papa wa wakati ule, kafika Januari 1608 mgonjwa, siku chache tu akafa. Sura yake iko pale kwa jiwe jeusi. Waambie hao wanaosema masanamu ni yaleyale.

SWALI

Assalaam aleikum Anti. Binti yangu wa miaka 17 yuataka kwenda na wenziwe wa shule Vienna na Roma. Nachelea chakula, na huku kuingia makanisani nako vipi?

Mama Mtu, Mombasa

JIBU

Waaleikum salaam mama. Chakula usichelee, Vienna Waturuki wamejaa na maduka yao ya kebabu, Roma maeneo ya Termini na Piazza Vittorio kuna Wabangladeshi na bucha za halali, ila aulize mwenyewe kila duka, asiamini picha. Kanisani anaingia kama makumbusho, halazimishwi ibada, na hijabu yake ndio kwanza imemtosha, wanaozuiwa mlangoni ni wenye mabega na magoti wazi. Hao wenziwe ndio wabebe leso mbili mbili. Viza aombe ubalozi wa nchi watakayokaa siku nyingi zaidi, siku 15 kabla ndio mwisho kabisa, msifike huko. Ada euro 90, bima isipungue euro 30,000, na kwa kuwa hajatimiza 18 barua ya ridhaa yako na ya babake.

SWALI

Anti, eti zile sarafu watu wanazorusha kwenye chemchemi ya Trevi kule Roma zinaenda wapi? Nauliza tu.

Kisu, Dodoma

JIBU

Zinaokotwa zinapelekwa Caritas, shirika la misaada la Kanisa Katoliki, kusaidia maskini. Unarusha kwa mkono wa kulia kupitia bega la kushoto umeipa chemchemi mgongo. Usiingize mguu, faini. Kiu ikikushika tafuta vile vibomba vya mtaani wanaviita nasoni, maji baridi, safi, bure, ziba mdomo wa bomba kwa kidole maji yanarukia juu kwenye katundu kadogo.