Jina lenye herufi W

Umeuliza inakuwaje Mkurdi aliyezaliwa Stockholm, ambaye hajawahi kuiona Diyarbakır, mji mkubwa wa Wakurdi nchini Uturuki, aseme kwamba Uswidi ndiyo iliyomfanya awe Mkurdi. Jibu, kwa maoni yangu, limo katika lugha kuliko katika pasipoti. Uturuki ilipitisha mwaka 1983 sheria iliyopiga marufuku kuchapisha kwa Kikurdi, nayo haikufutwa hadi 1991. Na hata baada ya hapo, herufi Q, W na X, ambazo hazimo katika alfabeti ya Kituruki, ziliendelea kuwa na kikwazo cha kisheria hadi 2013, kiasi kwamba mzazi aliyetaka kumwita mwanawe Ciwan alilazimika kuandikisha Civan. Uswidi, kwa upande wake, ilikuwa imeanza tangu 1977 kuwapa watoto wa wahamiaji masomo ya lugha ya mama shuleni, na waandishi waliokimbilia huko baada ya mapinduzi ya kijeshi ya 1980 wakachapisha vitabu na majarida ya Kikurmanji, lahaja ya Kikurdi, ambayo nyumbani yangewapeleka jela.

Kwa hiyo mtoto huyo alijifunza kusoma lugha ambayo bibi yake aliizungumza tu, tena kwa sauti ya chini mbele ya askari. Ujerumani mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu Wakurdi wengi waliingia kwa mkataba wa vibarua wa 1961 kati ya nchi hiyo na Uturuki, na wakahesabiwa kuwa Waturuki tu.