Niliyojifunza Tulipoanzisha Mazoezi ya Vijana Wenye Sindromu ya Down

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa mama mmoja wa Babati. Binti yake mwenye sindromu ya Down ametimiza miaka 15 na ameanza kunenepa kwa kasi, na mama huyo aliniuliza swali moja tu: nianzie wapi? Nilianza kumjibu kwa simu, nikaona jibu linarefuka, na kwa kuwa najua wazazi wengi tunalibeba swali hilohilo, nimeona niandike hapa yaliyotupata sisi wa Moshi tangu tulipoanza mazoezi ya vijana wetu miaka 4 iliyopita.

Mwanangu sasa ana miaka 19. Alipokuwa shule ya msingi, katika kitengo maalumu, kila kipindi cha michezo kilipofika aliketishwa chini ya mti na kukabidhiwa viatu vya wenzake avitunze. Mwalimu aliniambia, kwa nia njema kabisa, kwamba hiyo ndiyo kazi yake na kwamba anaifanya kwa uaminifu, nami nikashukuru. Sipendi kuhesabu ni miaka mingapi nilishukuru kwa jambo lililokuwa likimdhoofisha mwanangu. Mtoto mwenye sindromu ya Down, yaani aliyezaliwa na nakala ya ziada ya kromosomu ya 21 (kromosomu ni vibebeo vya urithi ndani ya seli), huja duniani na misuli legevu na viungo vilivyolegea, kwa hiyo aliyehitaji kukimbia kuliko wote uwanjani pale ndiye aliyewekwa kivulini. Hadi leo nikipita karibu na mti ule, moyo unaniuma.

Lakini lililo zito zaidi nililitenda mwenyewe. Alipofika miaka 14 alianza kuchoka ovyo: akipanda ngazi za kanisani anasimama katikati, akitumwa dukani anakaa njiani, akirudi analala. Nilimwita mvivu, tena mbele ya ndugu zangu, kwa karibu mwaka mzima. Ni muuguzi mmoja aliyenishauri apimwe damu, ikabainika kwamba tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, haikuwa ikitoa homoni ya kutosha, hali inayowapata watu wenye sindromu ya Down mara nyingi zaidi kuliko watu wengine na ambayo huleta uchovu na kuongeza uzito. Alipoanza kumeza vidonge, uchovu ule ulipungua mwezi baada ya mwezi. Nilimwomba radhi. Alinikumbatia, kisha akaendelea kukunja nguo alizokuwa akikunja.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, kabla ya raba na kabla ya uwanja, anza hospitali. Omba thairoidi ipimwe. Omba moyo upimwe, kwa kuwa karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo, na wengine hukua bila kasoro hiyo kujulikana. Uliza pia kuhusu shingo: kwa baadhi yao, pingili mbili za juu kabisa za uti wa mgongo hazijashikana imara, ndiyo maana sisi haturuhusu kubingirika kichwa chini, kupiga mpira kwa kichwa wala kuchupa majini. Kijana akianza kulalamika maumivu ya shingo, mwendo wake ukibadilika, mikono ikikosa nguvu au akianza kujikojolea wakati alikwisha kuacha, mazoezi yasimame na aonwe na daktari siku hiyohiyo. Pima kwanza. Nitalirudia hili mpaka mnichoke, kwa sababu ningelilijua mapema nisingelimwita mwanangu jina lile.

Afya yake ilipotengemaa nilimpeleka kwenye jimu moja hapa mjini, tukalipa ada ya mwezi. Siku ya pili msimamizi alinirudishia fedha zangu na kusema wateja wake wengine hawajisikii vizuri. Mwanangu alikuwa amesimama kando yangu, amevaa raba mpya, naye alisikia kila neno. Nililia njia nzima kwenye daladala, na nadhani ni machozi hayo yaliyonipeleka kwa mwalimu mkuu wa shule jirani kuomba uwanja. Miezi ya barua na vikao iliyofuata sitaisimulia.

Tulianza vibaya. Tulikuwa na vijana 9, na sisi akina mama ndio tuliokuwa tukihesabu, tukiamuru na kupiga kelele, “Angalia, utaanguka!” Wiki ya tatu wakabaki vijana 3, na kwa kweli hata hao walikuja kwa kusukumwa. Wakati huo nilikuwa nimesoma habari za Profesa Nora Shields wa Chuo Kikuu cha La Trobe, Melbourne, Australia. Yeye na wenzake waliwapeleka vijana wenye sindromu ya Down kwenye jimu za kawaida za mitaani, mara 2 kwa wiki kwa wiki 10, kila kijana na mwenzi wake ambaye ni mwanafunzi wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2013, wenye vijana 68, nguvu za misuli za waliofanya mazoezi ziliongezeka kuliko za wenzao wasiofanya. Hata hivyo programu ilipokwisha, kufikia wiki ya 24, tofauti ile ya nguvu haikuonekana tena, na hilo lilinifundisha kwamba mazoezi haya si dozi ambayo mtu huimaliza akaenda zake.

Nilivutiwa zaidi na yule mwenzi. Moshi tuna bahati ya kuwa na chuo kinachofundisha fiziotherapia, nikawaendea wanafunzi wenyewe, wakakubali kuja Jumamosi. Siku za Jumatano tukawapata vijana wa kidato cha tano. Kila kijana wetu akapewa mwenzi mmoja asiyebadilishwa, na sisi wazazi tukaombwa tukae nyuma ya ukuta wa shule, tusionekane. Siku ya kwanza nilichungulia. Mwanangu, ambaye kwangu alikataa hata kuinama, alikuwa akichuchumaa na kusimama sambamba na mwenzake, wakihesabu kwa sauti, na alipofika 10 walipigana viganja. Nilielewa kwamba kwa muda wote ule hakuwa amekataa mazoezi; alikataa kufanya mazoezi na mama yake. Special Olympics Tanzania nao wana utaratibu wa timu zinazochanganya wenye ulemavu wa akili na wasio nao, kwa hiyo si jambo tulilolibuni sisi.

Vifaa si kikwazo. Tunatumia vidumu vilivyojazwa mchanga, tyubu za baiskeli za kuvuta na ngazi za darasani, na tunamaliza kwa rede kwa sababu wanaipenda. Usitumie jedwali la mapigo ya moyo ulilolikuta kwenye simu, kwani moyo wa mtu mwenye sindromu ya Down kwa kawaida haupandi kasi kama wa wengine. Mwenzi na aangalie kama kijana bado anaweza kuongea anapofanya zoezi. Na baada ya mazoezi msiwatuze soda.

Leo tuna vijana 14. Mwanangu hubeba ndoo ya maji ya lita 10 kutoka bombani hadi jikoni bila kupumzika, na ninasema hivi kwa fahari ambayo siifichi. Lakini bado kuna wazazi katika mtaa huuhuu wanaowafungia watoto wao ndani wageni wanapokuja, nami nawaambia wazi: mnawanyima miguu yao. Akina baba, nanyi mje. Kati ya wazazi wanaokaa nyuma ya ukuta ule, baba ni mmoja tu.

Dada yangu wa Babati, huna chuo karibu, lakini umeniandikia kwamba jirani yako ana binti wa miaka 16 anayependa kucheza muziki. Vipimo vikirudi salama, mwendee mama yake, zungumza naye, kisha mwombe binti huyo mwenyewe Jumamosi 2 za kwanza, saa 1 asubuhi kabla jua halijakolea, wacheze uani kwa nusu saa. Wewe uwe jikoni.