Usukani wa baiskeli wenye upana wa milimita 720 mjini: ukate au ununue mwingine?

Ndugu, upana huo ni wa baiskeli za milimani, si ajabu unagonga vioo vya magari kwenye foleni. Ila usikimbilie kununua. Legeza vishikio vya breki na gia, visogeze ndani sentimita tano kila upande, na mipira ya kushikia pia kama imetoboka mwisho. Kaza tena, uendeshe hivyo siku kadhaa. Ncha zilizobaki zizibe, maana bomba wazi linaweza kukuchoma vibaya ukianguka.

Mimi ningelenga 600 hadi 620. Ukipunguza zaidi, baiskeli inageuka upesi mno, na ukiwa na mzigo kwenye kikapu cha mbele itayumba hasa unapokwenda polepole. Wanaosifia 540 sijui kama hubeba chochote!

Ukiridhika, kata kwa msumeno wa chuma kidogo kidogo, kisha piga tupa. Usukani wa kaboni mwachie fundi. Ukiamua kununua, pima kwanza kipenyo cha katikati panapobanwa: mara nyingi ni milimita 25.4 au 31.8, na lazima kilingane na shingo uliyonayo, yaani kipande kinachoubana usukani. Hakikisha pia sehemu iliyonyooka inatosha breki, gia na viganja vyako.