Kumtafuta babu Mjerumani wa Pennsylvania

Dada, umesema babu wa ukoo wa mumeo alikuwa mkulima Mjerumani aliyefika Pennsylvania, huko Marekani, kabla ya 1750, na kwamba jina la Zimmermann linakatika ghafla kwenye karatasi za kaunti ya Lancaster. Usikate tamaa. Mtafute kwa jina la Carpenter. Zimmermann maana yake seremala, na wapo waliotafsiriwa jina kabisa, kama Müller alivyogeuka Miller. Na hilo "Johann" lisikuchanganye: ndugu wa tumbo moja waliweza kubatizwa Johann wote, jina la kuitiwa nyumbani likawa la pili.

Anza na mnaowajua, mrudi nyuma. Sensa ya 1790 hutaja mkuu wa kaya tu. Hapo shikeni vitabu vya ubatizo vya makanisa ya Kijerumani, na msiwaruke wasimamizi wa mtoto. Mara nyingi ni shangazi, mjomba au jirani waliyetoka naye kijiji kimoja, na hao ndio watakaowafikisha Ujerumani.

Kuanzia 1727 wanaume walioshuka Philadelphia waliapa utii kwa mfalme wa Uingereza, na orodha zao zipo. Asiyejua kuandika aliweka alama, karani akaandika jina alivyolisikia. Wake na watoto kwa kawaida hawamo, inasikitisha. Hati za ardhi ziko Harrisburg, mji mkuu wa Pennsylvania.

Wosia nao usomeni wote, polepole. Wakulima hawa waliandika hata chumba atakachobaki nacho mjane, ng'ombe wake, na kuni atakazokatiwa na mwanawe.