Mfupa umeunga, lakini vidonge haviachiki

SWALI: Shikamoo daktari. Mume wangu alianguka na bodaboda, akavunjika mguu na kuandikiwa tramadol, vidonge vya kutuliza maumivu. Mguu umepona, lakini kwa miezi minne sasa anajinunulia mwenyewe, na juzi nimekuta maganda sita matupu chini ya godoro. Akivikosa anatokwa jasho, anaharisha na usiku halali. Je, nivifiche? Mama Z., Mbagala.

JIBU: Marahaba, mama. Nakusihi usivifiche. Tramadol ni ya jamii moja na mofini, dawa kali ya maumivu, na mwili ukishaizoea huidai; hayo unayoyaona si uhuni wa mumeo, bali ni dalili za mwili ulionyimwa dawa ghafla, ndiyo maana dozi hupunguzwa kidogo kidogo chini ya uangalizi wa daktari. Kinachonitia hofu zaidi ni wingi wa maganda hayo. Kwa kawaida mtu mzima hapaswi kuzidi miligramu 400 kwa siku, na akizidisha anaweza kupata degedege hata kama hajawahi kuugua kifafa. Akichanganya na pombe au diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, pumzi zinaweza kufifia usingizini hadi kukatika. Zungumza naye akiwa ametulia, bila kumwaibisha mbele ya watoto, kisha mwende hospitali mkiwa na maganda yote ili daktari ayahesabu. Hospitali ya Muhimbili, ambako kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu, ilianza kwa waraibu wa heroini mwaka 2011, tatizo hili si geni. Akisinzia asiamshike, au midomo ikibadilika rangi, mlaze ubavu na mumkimbize hospitali saa hiyohiyo.