Kabla ya Sitari, Jifunze Kuhesabu Saba

Wiki iliyopita kijana mmoja mpiga gitaa ameniandikia. Aliona kipande cha video cha onyesho letu la mwezi uliopita, pale mimi na mpiga tabla, zile ngoma mbili za Kihindi, tunapomaliza pamoja na ukumbi mzima unasimama. "Kaka, nami nataka jazi yangu iwe na Uhindi ndani yake. Nimepakua sauti za sitari, ile ala ya nyuzi ya Kihindi, nimeziweka kwenye nyimbo tatu, lakini hazina ladha. Nakosea wapi?"

Ujumbe huo nimeusoma mara nyingi, maana kosa lake ndilo lililoniumbua mimi miaka 12 iliyopita.

Wakati huo nilikuwa napiga saksafoni kwenye bendi ya hoteli moja ya pwani, Ijumaa na Jumamosi. John Coltrane, mpiga saksafoni wa jazi wa Marekani, alikuwa amenitawala kichwa. Kile kipande chake kiitwacho India, alichokirekodi kwenye klabu ya Village Vanguard, New York, Novemba 1961, nilikuwa nakisikiliza mpaka usingizi unichukue. Nikamwomba kiongozi wa bendi tukipige, akakubali. Nikajiandaa kwa namna niliyoijua: nikazikusanya noti zote nilizoona zina harufu ya Kihindi, nikajifunza kuziteleza na kuzitetemesha. Mimi nimekulia Mombasa. Nyimbo za sinema za Kihindi nimezisikia tangu sijajua kutembea, na harusi za mtaani kwetu hazikukosa tabla wala sauti ya Juma Bhalo, aliyekuwa akizichukua tuni za Bombay na kuzivika Kiswahili. Nikajiambia haya ninayo kwenye damu, nijifunze nini tena?

Nilipiga solo ndefu. Katikati nikapotea. Mpiga besi alinikazia macho kunionyesha pigo la kwanza liko wapi, nami sikuliona. Watu wakaendelea kula. Tuliposhuka jukwaani, kiongozi akasema mbele ya wenzangu na mbele ya wahudumu: "Wewe ulikuwa unamwita nyoka atoke kapuni. Ile haikuwa jazi wala haikuwa Uhindi." Wote wakacheka. Wiki iliyofuata nikakuta mtu mwingine amekaa kwenye kiti changu. Sitamtaja, na kusema kweli bado linaniuma. Nikipita karibu na hoteli ile hugeuza uso. Lakini maneno yake yalikuwa kweli, na kuyakubali kulinichukua muda kuliko kujifunza saksafoni yenyewe.

Nilirudi kwa Coltrane na masikio mengine. Isikilize India tena, ndugu yangu, na safari hii usimfuate yeye. Fuata chini. Kuna besi mbili, Jimmy Garrison na Reggie Workman, na kazi yao kubwa ni kushikilia ardhi moja isiyohama. Jazi ya miaka ile ilikuwa imejaa kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, zinazobadilika kila mapigo mawili, mpigaji anazikimbiza kama mtu anayefukuza daladala. Coltrane mwenyewe alikuwa amezikimbiza kuliko mtu yeyote duniani. Hapa akasimama. Muziki wa Kihindi ulimfundisha kwamba tuni moja juu ya sauti moja ya msingi inatosha kumbeba mtu usiku kucha, kama tanpura, ala ya nyuzi ya Kihindi, inavyovuma nyuma ya mwimbaji bila kukatika. Hakuna sitari hata moja mle, wala tabla. Kilichoingia ni namna ya kufikiri. Na hakuishia kwenye sahani za santuri: alimwendea Ravi Shankar, yule bingwa wa sitari, amfundishe misingi ya raga, yaani mifumo ya tuni za Kihindi, na mwanawe aliyezaliwa 1965 akampa jina la Ravi. Alikusudia kurudi kwa Shankar kusoma zaidi, ila mauti yakamkuta Julai 1967, akiwa na miaka 40 tu. Mtu aliyekwisha kuwa Coltrane alikuwa tayari kukaa chini awe mwanafunzi. Mimi na wewe tunataka kupakua.

Nikatafuta mwalimu. Nikampata mzee mmoja Mhindi wa Mombasa, aliyekuwa na duka zamani na sasa anapiga tabla nyumbani kwake tu. Namwita Ustadhi. Siku ya kwanza nilikwenda na saksafoni. Akaniambia niiache mlangoni, pamoja na viatu.

Miezi minne sikuigusa mbele yake. Tulipiga makofi na kuimba silabi. Tulianza na tala, yaani mzunguko wa mapigo, ya mapigo 16: kofi kwenye la 1, la 5 na la 13, na kwenye la 9 unafungua kiganja hewani. Kisha rupak, mapigo 7: tin tin na, dhi na, dhi na. Ajabu ya rupak ni kwamba pigo la kwanza, lile ambalo kila kitu kinarudi kwake, halipigwi kofi. Unapunga mkono mtupu. Nilikuwa nalikosa kila mara, kwa kuwa masikio yangu yalitaka mahali pa kurudi pawe pana kishindo. Ustadhi hakukasirika hata siku moja. Alikuwa anasema tu, "Tena."

Siku aliyonifundisha tihai ndiyo siku niliyofumbuka macho. Tihai ni msemo mmoja unaorudiwa mara tatu, na pigo la mwisho la mara ya tatu linatua juu ya samu, yaani pigo la kwanza la mzunguko. Chukua msemo wa mapigo 5. Mara tatu ni 15. Mizunguko miwili ya rupak ni 14, kwa hiyo pigo la 15 ni samu yenyewe! Ukianzia kwenye samu, unatoka, unaonekana umepotea kabisa, 5 inagongana na 7, msikilizaji anashika kiti, kisha unatua pale pale. Nilikaa sakafuni nikahisi machozi. Miaka yote nilikuwa napiga solo nikiomba Mungu nitokee mahali salama, kumbe kuna watu wanajua tangu mwanzo watashukia wapi.

John McLaughlin, mpiga gitaa Mwingereza, alikuwa amelijua hili mapema. Alipokwisha kupata jina kubwa na gitaa la umeme, akajifunza veena, ala ya nyuzi ya Kihindi, kisha akaunda bendi ya Shakti na Zakir Hussain kwenye tabla, L. Shankar kwenye fidla na Vinayakram akipiga chungu kiitwacho ghatam. Gitaa lake lilichongwa upya, mbao ikachimbwa kati ya vyuma vya shingo ili aweze kuzivuta nyuzi kama za veena, na nyuzi 7 nyingine zikapitishwa juu ya tundu zivume. Akabadilisha chombo baada ya kubadilisha kichwa. London, mpiga saksafoni Joe Harriott wa Jamaika na mtunzi John Mayer wa Calcutta walikuwa wametangulia 1966, kwa bendi iliyounganisha wapiga jazi na wapiga ala za Kihindi. Nawaheshimu, ila kwenye rekodi zao nasikia pande mbili zikipokezana zaidi ya kuzungumza. Kwenye Shakti kila mtu anahesabu kimoja.

Zakir Hussain alipofariki San Francisco, Desemba 2024, Ustadhi alinipigia simu. Hakusema kitu. Nilisikia tu tabla, rupak, taratibu, mizunguko michache, kisha akakata.

Mwezi uliopita tulipiga kipande changu cha mapigo 7. Nilianza tihai, nikaona jasho la mpiga tabla, naye akaona langu, tukatua pamoja. Mlikuwepo mliokuwepo. Ustadhi alikaa safu ya mbele, na mkono wake ulipunga hewani sawasawa na pumzi yangu. Ninajivunia, na sioni sababu ya kulificha.

Sasa wewe kijana wangu, futa zile sauti za sitari. Tafuta sauti ya tanpura, ile inayovuma tu, kaa nayo kila asubuhi na noti moja, halafu mbili. Imba kabla hujapiga. Ukishindwa kuuimba mdundo, usiupige. Mtafute mzee anayejua, na ukimpata usimwonyeshe ulichonacho. Imba kabla hujapiga. Narudia kwa sababu najua utaruka, nami niliruka. Na jambo jingine: mnaposema mnataka "ladha ya Kihindi" mnawavunjia heshima watu waliotumia maisha yao yote kwenye mapigo 7. Uhindi si bizari ya kunyunyizia juu.

Usinitumie wimbo bado. Nitumie sauti ya viganja vyako na mdomo wako, tin tin na, dhi na, dhi na, dakika 10 bila kukatika. Nitaisikiliza yote, na nikisikia kofi kwenye pigo la kwanza nitakwambia, "Tena."