Jibu: Nchi nyingi zinawezaje kuendesha shule moja ya marubani wa kijeshi?

Ndugu, umeuliza nchi nyingi zinawezaje kufundisha marubani wao wa kivita pamoja bila kuvurugana. Mfano ninaouheshimu ni mpango wa NATO katika kambi ya Sheppard, Texas, ulioanza mwaka 1981, ambamo wakufunzi wa mataifa mbalimbali hufuata mtaala mmoja, kwanza kwa ndege ya T-6 yenye pangaboi, kisha kwa T-38 ya jeti. Ugumu hasa uko kwenye ratiba: kila safari huhitaji mwanafunzi, mkufunzi, ndege isiyo na hitilafu na hali nzuri ya hewa kwa wakati mmoja, na mawingu yakitanda chini asubuhi moja tu, mratibu hulazimika kuupanga upya ubao wote wa ratiba, akiwatanguliza waliokaa muda mrefu bila kuruka, kwa kuwa mkono wa mwanafunzi husahau upesi.